Mbwa Niliyemwita Kinkula

Jino la kwanza nililikuta ndani ya kiatu changu. Nilikuwa nimeshakivaa nikasikia kitu kama punje ya mchele chini ya kidole, nikakivua, nikakikung'uta kizingitini. Likaanguka jino jeupe, dogo, jembamba, halina mzizi, na upande mmoja lina alama ya damu iliyokauka. Nililiweka kiganjani nikaliangalia mpaka nikachelewa kazini.

Sikujua kwamba mbwa hung'oka meno kama watoto. Nimelala sehemu nyingi, Likasi, Fungurume, Dilolo kule mpakani ambako nilikaa karibu mwaka mzima nikipakua samaki wakavu kutoka Angola, na kila mahali palikuwa na mbwa, lakini mbwa wa njiani tu, wale unaowarushia jiwe au mfupa. Huyu alikuwa wa kwanza kulala kwenye miguu yangu. Dereva mmoja wa lori aliniachia akiwa mdogo wa kuenea kwenye kofia, akasema atampitia akirudi. Hakurudi, na mimi sikumngoja sana.

Nilifanya kazi kwenye kwado, kibanda cha kuziba matairi, pembeni ya barabara ambako malori ya madini hupanga foleni. Nilikuwa nimepanga chumba katika parseli, yaani nyumba na ua wake, yenye milango mitatu. Mlango mkubwa ulikuwa wa mama mwenye parseli, mjane mwenye asili ya kaskazini, upande wa Manono, mtu wa kwaya na mtu wa misa ya kwanza. Mlango wa pili alikaa mama mmoja mdogo wa umri, ambaye hapa namwita mama mdogo, na mtoto wake wa kwanza, mvulana mwenye miezi sita hivi. Mume wake alichimba madini Mutoshi, akirudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Mlango wa tatu, uliotazama choo, ulikuwa wangu.

Baada ya lile jino la kiatuni, mbwa akaanza kula nyumba. Alikula ufagio wa mama mwenye parseli, akala kamba ya kuanikia nguo, akatafuna mguu wa kiti changu cha pekee hadi kikawa kinayumba. Bukari, ugali wetu, ambao zamani aliumeza bila kuutafuna, sasa aliunusa, akaulamba, akaenda kujilaza ukutani huku akitoa sauti nyembamba kama mlango unaofunguliwa polepole. Mate yalimtoka, na ndani ya mate mlikuwa na uzi wa damu. Nilimfungua mdomo. Fizi zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu kama ndani ya pera. Alipojaribu kuniuma kidole aliacha mwenyewe, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuuma.

Kwenye kwado sikosi mpira. Nilimkatia kipande cha tyubu kuukuu, cha urefu wa mkono, nikakiosha kwa sabuni mpaka harufu ya barabara ikaisha, nikakifunga fundo katikati. Alikipenda. Alikitafuna asubuhi hadi jioni, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliacha kulia. Nilijiona nimegundua dawa.

Sina shule nyingi. Niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, siku moja tu nilitoka mapumzikoni nikaendelea kutembea. Lakini kitu nisichokijua hakiniachi nipumzike. Kila asubuhi kabla ya kunawa nilimlaza mbwa chali, nikamfungua mdomo na kuhesabu. Ndivyo nilivyoona kwamba meno ya mbele ya chini yote yalikuwa yameng'oka, fizi iko tupu kama ya kikongwe, na juu meno mapya yalikuwa yameshachomoza, meupe na mapana. Nilifurahi kama mtu aliyepata ramani. Na kwa kuwa nikifurahi siwezi kunyamaza, Jumapili baada ya misa nilimbeba mbwa hadi katikati ya uwanja, ambako mama mwenye parseli alikuwa anachambua sombe, kisamvu chetu, na mama mdogo ananyonyesha.

“Kuyeni muone,” nikawaambia. “Chini hakuna kitu, juu yameota. Mi niko nakaa na kinkula!”

Nilicheka peke yangu.

Kwa msomaji wa mbali niseme neno hili ni nini. Kwetu mtoto akianza kuota meno ya chini, ni mtoto kama wengine. Akianza na ya juu, ni kinkula. Miaka mingi baadaye, kwa mtu mmoja aliyeuza vitabu vya zamani chini kwenye turubai, nilikuta kamusi isiyo na jalada ikisema kwamba Kiswahili cha pwani nacho kina neno lake, kigego, na maelezo yale yale: mtoto wa kisirani. Nilishangaa hofu ile imesafiri umbali gani. Kwetu husemwa kwamba jino la kinkula likidondoka, kuna mtu anaondoka pamoja nalo. Leo mapadri wanakataza, na wasichana waliosoma wanacheka. Lakini hakuna anayelitamka neno hilo mbele ya mtoto ambaye bado hajaota jino. Hilo nililijua. Nililijua tangu utotoni, na nikalitamka.

Mama mwenye parseli aliweka majani ya sombe chini.

“Mwana,” akasema, “hiyo neno unaijua?”

“Mama, ni imbwa. Nafanya mchezo.”

“Mama yangu alizaa mutoto wa vile. Mi nilikuwa na miaka saba, ao nane. Walimupeleka kwa nkambo.” Nkambo ni bibi au babu. “Tukauliza, atarudia siku gani? Wakatuambia, nyamazeni. Mupaka leo nanyamaza.”

Kisha akaendelea kuchambua majani. Mama mdogo alikuwa ameshafunika uso wa mtoto kwa kitenge.

Ningeweza kuomba msamaha pale pale. Nilichofanya ni kueleza. Nilieleza kwamba mbwa huzaliwa, huota, hung'oka, huota tena, na kwamba haya ni meno ya pili wala si ya kwanza, kwa hiyo hata hesabu ya kinkula haimhusu. Nilieleza vizuri sana. Hakuna aliyenisikiliza, maana neno likishatoka halirudi kwa kuelezwa.

Siku mbili zikapita bila kitu. Jumanne nilirudi kula mchana nikasikia mama mdogo anapiga kelele. Nilikimbia nikidhani ni nyoka. Alikuwa amepiga magoti mkekani, na mtoto amekaa mbele yake, mate yanamchuruzika kidevuni, naye ameshika kwa mikono miwili ule mpira wangu wenye fundo, anautafuna kwa fizi zake kwa raha kubwa. Mbwa alikuwa amekaa kando yake anangoja zamu.

Mama alimpokonya mpira akaurusha juu ya ukuta. Mtoto akalia, na mbwa naye akalia.

“Yaya, umeona?” aliniambia. Aliniita yaya, kaka mkubwa, tangu nilipohamia. “Mate ya imbwa yako iko mu kinywa ya mutoto wangu.”

“Nitaosha. Mate ni maji tu.”

“Siko nasema uchafu! Ule ni kinkula, weye mwenyewe umesema. Sasa wamekula kitu kimoja.” Alikuwa anampangusa mtoto ulimi kwa kona ya kitenge, mtoto anakabwa. “Hii mutoto iko naota. Nikimugusa huku, iko moto. Akitosha meno ya juu kwanza, nitamwambia nini baba yake? Mama ya baba yake, kule Kongolo, nitamwambia nini?”

Mama mwenye parseli alitoka mlangoni kwake. Hakuinua sauti, hakuwa mtu wa kuinua sauti.

“Mwana, Jumamosi baba ya mutoto anarudia. Asikute imbwa hapa. Lakini kama meno ya chini ya imbwa inaonekana mbele ya Jumamosi, basi, ile neno yako imekufa, imbwa ibakie. Mi nitasema na baba ya mutoto.”

Alidhani ananihurumia, na kweli alinihurumia. Alinipa siku nne.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kutazama si kusaidia. Nilikuwa najua kila jino la mbwa yule, na sikuwa na uwezo wa kusukuma hata moja. Nilikwenda duka la dawa. Kijana wa pale alinisikiliza kwa makini akaniletea chupa ndogo ya kupaka fizi.

“Mutoto wako iko na miezi ngapi?”

“Minne. Ni imbwa.”

Aliirudisha chupa kwenye rafu bila kucheka. “Papa, dawa ya batoto inaweza kuiua. Utafute kitu ya baridi, atafune.”

Kitu cha baridi. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kabla ya mvua, na kuran, umeme wa mtaa wetu, ilikuwa imekatika tangu Jumapili. Nyaya kubwa za kutoka bwawa la umeme la Nzilo zinapita juu ya mapaa yetu, ukisimama chini yake unasikia zinanguruma, na ndani ya nyumba huna hata ubaridi wa kugandisha maji ya glasi. Nilizunguka kwa mama anayeuza samaki wa barafu. Alikuwa na jenereta, akanipa pande la barafu lenye ukubwa wa ngumi lililonuka samaki. Nililifunga kwenye fulana yangu nikakimbia nalo. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimebeba fulana iliyolowa. Mbwa aliinyonya, ikamtuliza kwa muda wa mtu kumaliza sigara moja, kisha akaanza tena.

Basi nikabaki na vitambaa. Nililowesha kitambaa kwenye mtungi ulio kivulini, nikakisokota, nikamwekea kinywani na kukishika upande wa pili. Alivuta, nami nikavuta. Kila tulipovuta kulikuwa na damu kidogo. Bukari nilimlainishia kwa maji ya samaki hadi ikawa uji, akalamba mara tatu, akaniangalia. Mbavu zilianza kuonekana. Jumatano aliacha hata kutafuna. Alilala na kidevu juu ya sakafu ya saruji kwa sababu ilikuwa na ubaridi, na fizi ya chini ikawa imevimba zaidi, ngumu, na bado hakuna kitu juu yake. Niliisugua kwa kidole. Kwa aibu naandika kwamba nilifikiri hata kuikwangua kwa ukucha ili jino litoke. Niliweka ukucha pale. Mbwa hakuukwepa mkono wangu, akaniachia kinywa chake, na hilo ndilo lililonifanya niutoe.

Jioni hiyo mama mdogo alipita na ndoo yake kichwani.

“Yametoka?”

“Bado. Na wa kwako?”

Akaendelea kutembea. Nyuma ya ukuta wake mtoto alikuwa analia kilio kile kile, chembamba, kisichoomba kitu. Tulikuwa watu wawili katika parseli moja tunaofanya kazi moja: kitambaa, maji, kidole kwenye fizi. Kama si lile neno langu tungesaidiana.

Alhamisi sikwenda kazini. Ijumaa asubuhi nilimlaza mbwa chali kama kawaida, nikamfungua mdomo, na nikaona. Mawili, pembeni kidogo, kama ncha za sindano zilizopenya kitambaa chekundu. Niligusa. Yalikuwa magumu, makali, ya kweli. Nilimnyanyua juu nikapiga kelele peke yangu chumbani. Nikakimbia kwa mlango wa pili bila viatu.

“Mama mutoto! Yametoka! Ya chini, mawili! Kuya uone!”

Alifungua mlango nusu. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hakulala. Hakumtazama mbwa.

“Ingia,” akasema. “Imbwa uache inje.”

Ndani palikuwa na giza na harufu ya mafuta ya mawese. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, amechoka kulia. Alisogea nami karibu na dirisha.

“Weye unajua kuangalia kinywa,” akasema. “Angalia yake.”

“Mi najua ya imbwa tu.”

“Angalia.”

Alimwinua mtoto mdomo wa juu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Sikuhitaji kutafuta. Fizi ya juu, katikati, ilikuwa imepasuka mstari mdogo, na katika mstari ule kulikuwa na weupe. Nikaangalia chini. Chini palikuwa laini, pamevimba, hapana kitu.

“Ya juu ao ya chini?” akauliza.

Nilikuwa nimepiga kelele parseli nzima kwa ajili ya meno mawili ya mbwa.

“Fizi tu,” nikasema. “Imevimba. Sioni jino.”

Aliuachia mdomo wa mtoto.

“Yaya, weye unapendaka kuona kila kitu. Leo hauoni?”

Hapo nikajua alikuwa ameshapapasa kwa kidole chake, labda tangu alfajiri. Hakuniita nimwambie. Aliniita aone kama nitalisema lile neno mara ya pili.

“Sioni,” nikasema.

Alimfunika mtoto. Akaanza kusema polepole, akiangalia ukuta, kama mtu anayejaribu nguo. “Ni ile mpira. Ni mate ya ile imbwa. Mutoto wangu hakuwa vile. Iliingia kutoka inje. Kitu yenye kuingia kutoka inje, inaweza kutoka.”

“Inaweza,” nikasema.

“Kama mwenye kuileta anaenda nayo.”

Ningeweza kubisha. Nilikuwa na ushahidi mlangoni, umekaa unajikuna, una meno ya chini mawili mapya, na mama mwenye parseli alikuwa ameahidi. Kwa haki, mbwa alikuwa ameshinda. Lakini nilielewa alichokuwa anashona. Mbwa akibaki na mtoto akaota ya juu, basi ni mtoto tu, hakuna mwingine wa kubeba. Mbwa akiondoka, ni mbwa aliyekuwa kinkula, na mtoto aliguswa tu, akapona. Alihitaji mahali pa kuliweka lile neno, na mimi ndiye niliyelileta uwanjani.

“Baba yake anarudia kesho saa ngapi?” nikauliza.

“Mbele ya saa sita.”

“Nitaenda naye sasa hivi.”

Alitikisa kichwa mara moja kukubali, akamgeuza mtoto upande wa titi.

Mama mwenye parseli aliniona nikitoka na mbwa kwapani. “Lakini yametoka!” akasema. “Nilikusikia. Niliahidi, mwana, ibakie.”

“Nimepata mutu wa kumuchukua, mama.”

Sikuwa nimepata mtu. Nilitembea na barabara ya Mutoshi, vumbi jekundu limejaa hewani, malori yamesimama foleni, na mbwa kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili alikuwa na nguvu za kuuma. Aliuma mkono wa shati, akauma kifungo, akauma kidole changu, na meno yale mawili mapya yalinichoma hadi nikasimama. Nilimwacha aume. Watu walitupita. Nilimwuliza mama mmoja muuza makaa, nikamwuliza mlinzi mmoja mbele ya ghala la magunia. Mlinzi alimpindua, akamfungua mdomo kabla hata sijasema, kama wanavyofanya watu wanaojua mbwa.

“Iko naota muzuri,” akasema. “Itakuwa kali. Juu ya nini unaiacha?”

“Nahama,” nikamwambia, kwa kuwa hilo ni jibu ambalo nimelitumia maisha yangu yote na hakuna anayeuliza zaidi.

Nilipofika kwenye kona niliangalia nyuma. Mlinzi alikuwa amemfunga kwa kamba ya gunia, na mbwa alikuwa ameanza kuitafuna.

Jumamosi baba wa mtoto alirudi, matope ya shimoni bado masikioni. Nilikuwa naosha fulana uwanjani. Nilisikia mama mdogo akimweleza, sauti yake ya juu, ya haraka: ilikuwa imbwa ya yaya, ilikuwa na meno ya kubaya, mate yakamugusa mutoto, yaya ameenda nayo mbali, imeisha. Kisha baba yule akatoka, akaja hadi kwenye beseni langu. Alikuwa mpole, mdogo kuliko mimi.

“Yaya,” akasema, “leo asubuhi mutoto ametosha meno ya chini pia. Ya chini na ya juu, pamoja. Wanasema weye uliangalia jana. Uliona gani ya kwanza?”

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwake na mtoto begani. Mama mwenye parseli naye alikuwa kwenye mlango wake, na kisu cha sombe mkononi, hakikati kitu.

“Sikuona jino,” nikasema. “Niliona fizi.”

Alinishika bega kwa mkono mzito wa mtu wa sururu, akarudi ndani. Nikasikia akimrusha mtoto juu na mtoto akicheka.

Nilikaa katika parseli ile miezi mingine mitatu, muda mrefu kwa mtu kama mimi. Mama mdogo alinisalimu kila asubuhi, aliniletea sahani ya bukari siku za Jumapili, hakunikosea hata mara moja. Ila nilipopita karibu na mtoto, naye akiwa anacheka na kinywa wazi, alimgeuza uso kwa upole upande wa ukuta mpaka nilipokwisha kupita.